Watu 26, uchochoro mmoja, doa moja la jua

Kisa chenyewe hakikufika dakika tano. Kwa saa zilizohifadhiwa ndani ya picha zetu, kilianza saa 5:32 asubuhi na kikaisha saa 5:36, na katika muda huo hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyesukumwa, hakuna kamera iliyoanguka. Fundi viatu mmoja aliinuka, akabeba kigoda chake, akaingia ndani. Basi. Lakini jioni ile kundi letu la kupiga picha liligawanyika, tukabishana wiki nzima, na watu watatu wakajitoa.

Siku hiyo mimi nilikuwa mshika mkia, si wa darasani, bali yule anayetembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu njiani. Kiongozi wetu alikuwa mbele na hakuona kilichotokea. Ndiyo maana kazi ya kukichambua ikanidondokea mimi. Niliwaomba wenzangu picha zao zote za asubuhi ile, nikazipanga kwa dakika na sekunde (kamera mbili zilikuwa na saa za uongo, moja imechelewa kwa saa nzima, ikabidi nizilinganishe kwa kumtazama paka yuleyule akivuka njia), kisha nikakaa nazo.

Nianze na mpango, maana kosa liliingia huko mapema, kabla hatujamwona fundi.

Mpango ulikuwa hivi: saa 1:00 asubuhi tukutane uwanjani chini ya mnara wa saa, saa 2:00 tuingie vichochoro vya mji mkongwe, saa 4:00 tuwe bustanini, saa 6:00 kila mtu ashike njia yake. Aliyeupanga hakubahatisha. Saa moja jua bado liko chini, linaupiga mnara ubavuni na kila jiwe linatupa kivuli chake. Saa mbili vichochoro havijaingiwa na jua la moja kwa moja. Mwanga unashuka kwa kudundadunda ukuta hadi ukuta, mlaini, umeenea kila pahali, na popote unapoielekeza kamera unapata kitu: mlango, kitasa, mtu dirishani. Bustani iliwekwa mwisho kwa sababu ya miti. Jua likishakuwa kali, kivuli ndicho kimbilio.

Waliojiandikisha walikuwa 26. Saa moja kamili walikuwepo 15, tukawangoja wengine kwa dakika 40. Likafuata somo la utangulizi, na kwa kuwa 11 kati yetu walikuja na simu tu, somo la kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga, likawa masomo mawili. Kisha mnara. Kila mmoja aliutaka mnara usio na mwenzake mbele yake. Mpe kila mtu dakika tatu za kusimama mahali pazuri peke yake, wengine wakimpisha. Dakika tatu mara 26 ni dakika 78. Ndivyo ilivyokuwa, kasoro kidogo. Hapo hakuna mzembe wa kumlaumu. Ni hesabu ya foleni tu, na hakuna aliyeipiga kabla.

Tulipoingia uchochoro wa kwanza ilikuwa saa 5:10. Mnara ungetungoja mpaka jioni. Umesimama pale miaka mingi, usingeondoka. Mwanga mlaini wa vichochoroni ulikuwa umeondoka.

Uchochoro ule una upana wa mita tatu hivi na kuta za mita tisa. Juu, roshani za pande mbili zimesogeleana hadi zinakaribia kugusana, isipokuwa mahali pamoja penye pengo. Jua la karibu na mchana linapita kwenye pengo hilo na kuangusha doa moja la mwanga chini, ukubwa wa mkeka. Kila kitu kingine ni kivuli. Kamera yangu ilisoma tofauti ya stopu tano kati ya doa na ukuta wa kando yake, na kwa kuwa kila stopu ni mara mbili ya iliyotangulia, penye doa palikuwa na mwanga mara 32. Ukipima kwa doa, kuta zinakuwa nyeusi tii. Ukipima kwa kuta, doa linaungua likawa jeupe kama karatasi. Kwa mpiga picha hali hiyo ni neema na ni mtego, kwa kuwa katika uchochoro mzima pamebaki mahali pamoja tu pa kupigwa picha.

Na mahali hapo palikuwa na mwenyewe.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi, kiatu cha kahawia kimebanwa katikati ya magoti, sindano nene mkononi, uzi uliopakwa nta umezungushwa kidoleni. Mikono yake ilikuwa ndani ya doa, uso wake nusu ndani nusu nje. Ungemlipa mtu wa sinema asingekaa vizuri zaidi. Sote tulidhani ni bahati yetu.

Haikuwa bahati. Nilimuuliza baadaye, wenzangu walipokwisha tangulia. Akaniambia kwamba gundi anaweza kubandika hata gizani, na kukata soli anakata kivulini, ila kazi ya kushona anaiweka kwa saa ile, na kigoda anakisogeza kadiri doa linavyosogea. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Kutoka kwenye pengo lililo mita tisa juu, doa lake husafiri karibu mita mbili na nusu kwa saa moja. Uchochoro wa mita tatu linauvuka kwa saa moja na robo. Mzee ana saa moja na robo kwa siku ya kuona tundu la sindano vizuri, nasi tulifika katikati yake.

Hapo ndipo kilipo kiini cha kisa, na ndicho nilichoshindwa kuwaeleza wenzangu kwa ujumbe mfupi wa simu. Hatukukutana na fundi kwa nasibu, kisha tukamkosea adabu. Tulikuwa tunagombania naye kitu kimoja. Tungefika saa mbili kama tulivyopanga, yeye asingekuwa anashona, sisi tungekuwa tumetapakaa kila mlango, na huenda angetusalimia tu tukapita. Kuchelewa ndiko kulikotupeleka sote kwenye mkeka mmoja.

Dakika nne

Saa 5:32 na sekunde kumi, picha ya kwanza. Aliyeipiga ni dada mmoja mwenye simu, kasimama mbali kidogo, na kabla ya hapo alimwinulia fundi simu yake kama mtu anayeuliza. Kwenye picha yake ya pili mzee ametikisa kichwa kukubali, tabasamu dogo limemtoka. Ruhusa ilikuwepo. Nasisitiza hilo kwa sababu nusu ya wenzangu walikuja kusema hatukuomba.

Saa 5:33, watu tisa. Saa 5:34, watu 17.

Ili kuelewa kilichotokea katika dakika ya pili na ya tatu, inabidi kuzungumzia lenzi. Tuseme unataka mtu aliyeketi aijaze fremu yako ya wima, urefu wa mita moja na nusu hivi. Kadiri milimita za lenzi zinavyozidi ndivyo inavyovuta zaidi. Mwenye lenzi ya milimita 85 atasimama mita tatu na nusu kutoka kwake. Mwenye milimita 50, mita mbili. Mwenye milimita 24 itambidi asogee hadi mita moja, na lenzi kuu ya simu nyingi za leo ni kama 24 au 26. Kwa hiyo katika kila kundi mchanganyiko wenye simu wanakuwa mstari wa mbele. Si ukosefu wa haya. Macho ya vyombo vyao ndivyo yalivyo. Wenye lenzi za kati wanasimama nyuma yao na kuona migongo. Mwenye 85 anagundua kwamba uchochoro wenyewe una mita tatu, hawezi kurudi nyuma, ukuta umemgusa mgongo. Kila aliyezibwa anatafuta upenyo, na upenyo pekee uliobaki uko mbele. Hakuna aliyeamua kumzingira mzee. Kila mmoja alipiga hatua moja tu.

Paris, mwaka 1838, Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple kwa kuiacha kamera wazi dakika kadhaa. Magari ya farasi na wapita njia hawakushika kwenye bamba, maana walipita upesi mno. Aliyeonekana ni mtu mmoja aliyetulia kwa muda wa kutosha: alikuwa anasafishiwa viatu. Huyo hutajwa kuwa mmoja wa binadamu wa kwanza kunaswa na kamera. Nilimkumbuka nilipokuwa nazipanga picha zetu, kwa sababu katika zile za 5:32 uchochoro una watu wengine: mama mwenye kikapu, vijana wawili, mwenye baiskeli. Kufikia 5:34 wote wamekwisha geuza njia. Waliweza kuondoka. Aliyebaki ni yule ambaye kazi imemkalisha.

Saa 5:35 mzee alisema maneno mawili. Ninayo kwenye video fupi iliyorekodiwa na mmoja wetu: "Mwanga, wanangu."

Na sauti ya mwenzetu, iliyojaa furaha, ikamjibu: "Mzuri kweli, mzee!"

Nimeisikiliza video hiyo mara nyingi mno. Kijana aliyejibu si mtovu wa adabu hata kidogo. Ni mtu wa shikamoo na marahaba. Asubuhi nzima alikuwa amefundishwa kulisikia neno "mwanga" kama sifa: mwanga mzuri, mwanga mkali, fuata mwanga. Akalisikia hivyo. Mzee alikuwa anatuomba tusogee.

Sekunde kama 20 baadaye alichomeka sindano kwenye soli, akauzungusha uzi mara mbili ili usifumuke, akasimama. Hakutazama mtu. Watu walimpisha, kisha wakageuza kamera zao pale alipoondoka. Zipo picha nne za saa 5:36 za doa tupu la jua juu ya mawe. Moja ni nzuri sana, na sijui niseme nini kuhusu jambo hilo.

Tulichobishania

Upande mmoja ulishika sheria. Tulikuwa njia ya umma, hakuna kibao cha kukataza, kwa hiyo tulikuwa na haki. Upande wa pili ulishika heshima: uso wa mtu ni wake, tungeomba ruhusa.

Wa sheria walikuwa na hoja, ila sheria yenyewe hainyooki kama walivyodhani. Miaka ya 1999 hadi 2001 mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alipiga picha za wapita njia katika Times Square, New York, bila wao kujua. Mmoja wao alishtaki, na mwaka 2006 akashindwa: mahakama iliona ni kazi ya sanaa, inalindwa. Lakini Montreal, msichana wa miaka 17 aliyepigwa picha mwaka 1988 akiwa ameketi kwenye ngazi za jengo alishinda. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali alipwe fidia ya dola 2,000 kwa sababu picha ilichapishwa bila idhini yake. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1907 inayotaka idhini ya mtu kabla picha yake haijasambazwa, ingawa inaruhusu pale ambapo mtu ni sehemu ndogo tu ya mandhari au ya mkusanyiko. Utaona kwamba mvutano mkubwa mara nyingi uko kwenye kusambaza. Kubonyeza ni jambo jingine. Na mwenzetu mmoja alikuwa amesambaza kabla hata hatujafika bustanini. Hilo tulilimaliza siku hiyohiyo kwa kumwomba aiondoe. Aliiondoa bila ubishi.

Wa heshima nao walikuwa na hoja, isipokuwa ruhusa iliombwa na ikatolewa, na haikusaidia kitu. Mzee alimkubalia dada mmoja mwenye simu moja. Sisi tukaigawana ruhusa ile watu 17 kana kwamba ni tiketi ya basi. Kundi lina tabia hiyo: wa pili anamwona wa kwanza anapiga, anachukulia mambo yamekwisha zungumzwa, wa kumi hata hafikirii kwamba kulikuwa na jambo la kuzungumza. Hata tungemwomba kila mmoja kwa zamu, mzee angetikisa kichwa mara 26 na asingeshona hata tundu moja.

Pande zote mbili zilibishania uso wake. Yeye hakusema chochote kuhusu uso. Alisema mwanga.

Bustanini

Tulifika saa 6:05, watu wamenuna. Bustani ni kubwa, ina miti mikongwe ya matawi mapana, bwawa dogo, na viti vya mawe vilivyojaa watu. Kwa picha za nyuso ni saa mbaya: chini ya miti jua linapenya majani na kumtia kila mtu madoadoa, jicho moja linawaka, jingine halionekani. (Ukiyatazama vizuri madoa hayo mengi ni ya mviringo, hata kama mwanya wa majani ni wa pembe. Kila doa ni taswira ya jua lenyewe iliyopita kwenye tundu. Mwanasayansi Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, aliandika kuhusu jambo hilo kwa kutazama umbo la jua lililopatwa. Niliwaonyesha wawili watatu, na kwa mara ya kwanza tangu uchochoroni mtu akacheka.)

Nilichokuja kukigundua kwenye mafaili ni hiki. Katika saa nzima ya bustani hakuna mahali ambapo zaidi ya watu watatu wetu walipiga kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ni watu walewale, kamera zilezile, tabia zilezile, na hakuna aliyekuwa amewahutubia. Bustani ilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma na mamia ya madoa ya jua, basi wakatawanyika. Mtu akisema tatizo la uchochoroni lilikuwa malezi, namwomba aeleze jinsi malezi yalivyorudi kwa kuvuka barabara moja.

Kulikuwa na tukio moja dogo. Mwenzetu mwenye lenzi ya milimita 200 alikuwa akipiga watoto wanaorusha mawe bwawani, mita nane hivi kutoka kwao, na mama yao akamfuata kuuliza. Aliionyesha picha, mama akaomba ifutwe, ikafutwa. Iliisha kwa dakika moja kwa sababu alikuwa mtu mmoja mbele ya mtu mmoja. Mzee angemfuata nani kati ya 17?

Kilichobadilika

Kiongozi na mimi hatukubaliani kuhusu idadi. Yeye anapenda makundi makubwa, na ana sababu: tangu mwaka 2008, mpiga picha Scott Kelby wa Marekani alipoanzisha matembezi ya picha yanayofanywa siku moja katika miji mingi ya dunia, watu wamezoea kujifunza kwa kutembea pamoja, na anayeanza hupata moyo katikati ya wengi. Sikatai. Lakini uchochoro wa mita tatu hauwajui wanaoanza. Tumeafikiana hivi: waandikishwe wengi kadiri wanavyotaka, ila wakutane uwanjani kwa salamu tu, wagawanyike sita sita, kila sita waanzie mahali tofauti. Mnara umesogezwa mwisho. Kinachotangulia ni kile ambacho mwanga wake unakwisha mapema, na anayechelewa anatufuata huko tuliko.

Kwa mtu aliye kazini, anasogea mmoja. Watano wanatafuta kitu kingine mpaka amalize. Kwenye matembezi yaliyofuata nilidhani watalalamika. Walipewa kazi ya kupiga vitu visivyo na watu katika uchochoro uleule, na picha za vitasa walizoleta ni bora kuliko zote za mwezi uliotangulia. Fundi hakuwepo, ilikuwa saa mbili na nusu, na doa lake halijafika.

Mshika mkia naye sasa ana sauti. Akisema "tembea", wote wanatembea, hata kiongozi. Niliitaka kanuni hiyo mwenyewe, na inabidi nieleze kwa nini. Nilikuwa nyuma, niliona duara likijifunga tangu mtu wa nne, na ningeweza kuita. Sikuita kwa sababu jicho langu lilikuwa kwenye kamera. Katika picha yangu ya tatu ya fundi, ya saa 5:34 na sekunde 51, kuna kivuli kimelala juu ya mkono wake wa kulia, kimefunika sindano na tundu inakoelekea. Nilidhani ni cha roshani. Nilipoikuza nikaona ukingo wa kivuli umepinda, na upande mmoja una pembe ndogo iliyochanika. Kofia yangu imechanika hapo tangu mwaka jana.